Kanyshai wa Vyerehani na Kipindi Chake cha Alhamisi

"Hivi wewe Kanyshai, redio yenu imeharibika, au ndiyo hicho kipindi chako?"

Aliyeuliza ni jirani, Shaarkan apa, akichungulia juu ya ukuta, ndoo ya majivu mkononi. Kanyshai alikuwa anaanika nguo. Akajibu kwa adabu, kama mtu anavyomjibu mama, kwani kwetu apa ndiyo mama: "Ni kipindi changu, apa."

"Basi heri ingekuwa imeharibika. Kilichoharibika hutengenezwa."

Mtaa wetu wa Archa-Beshik, huku pembeni mwa Bishkek inakoanzia milima, uliucheka mzaha huo mwaka mzima. Kanyshai naye alicheka. Alhamisi iliyofuata, saa kumi na moja jioni, kipindi kikatoka vilevile.

Ni binti wa mzee Ermek, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa. Nyumba yao ni ya tatu kutoka kwetu. Mchana hushona nguo katika karakana, wanawake ishirini na wawili ndani ya chumba kimoja cha chini ya ardhi. Jumatano akitoka kazini hupanda ngazi za kituo kidogo cha redio, chumba kimoja tu juu ya duka la mazulia, akarekodi kipindi chenye urefu wa saa mbili kitakachotoka kesho yake. Hucheza muziki ambao vituo vingine havitaki hata kuugusa: watu wa nchi mbalimbali wanaotengeneza sauti kwa kompyuta na mitambo, wakachanganya wimbo wa harusi na mlio wa jokofu, zumari na ngoma ya chuma. Na huweka vya kwake pia. Anaichukua komuz, gambusi letu la nyuzi tatu, anaivuta sauti yake mpaka inalia kama upepo kwenye nyaya za umeme, na chini yake anatia vyerehani alivyovirekodi kazini, vikienda kama farasi wengi juu ya lami.

Ana desturi moja. Haanzi kwa maneno. Huacha muziki uende robo saa nzima, ndipo atoe salamu. "Nikisema kwanza," aliniambia, "watu watashika maneno, sauti itawapita." Desturi hiyo ndiyo iliyotuletea mambo ya siku ile.

Muziki huu aliuokota Moscow, alikokwenda kushona kama wengi wetu. Huko aliishi na wasichana wanane katika chumba kimoja, na mmoja wao alikuwa na kinanda kidogo cha umeme kilichovunjika vibonyezo vitatu. Walikichezea hivyohivyo kilivyovunjika. Kanyshai anasema hapo ndipo masikio yake yalipozibuka. Na ni huko huko Moscow alikopigiwa simu kwamba mama yake, Batma, amefariki. Tiketi ilichelewa siku mbili. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na hema la msiba limeshafungwa. Kwetu binti ndiye humwimbia mama yake maombolezo, akiwa ameketi ndani ya hema na uso ameuelekeza ukutani. Kanyshai hakumwimbia. Hakuna aliyemlaumu, ila yeye mwenyewe hakulisahau.

Katika sanduku la mama alikuta kaseti. Ilikuwa sauti ya Batma akimwombolezea kaka yake, miaka mingi nyuma, sauti nzito yenye kukwaruza kidogo mwishoni mwa kila mstari. Aliitunza miaka sita. Mwezi wa tatu mwaka jana akaipeleka kituoni, akaitandikia vyerehani chini yake taratibu, akaiweka mwanzoni mwa kipindi. Hakumwambia mtu.

Sasa, lazima mjue kwamba majira yale mzee Ermek alikuwa mgonjwa tangu theluji ya kwanza. Hakuwa ametoka nje. Na kaka yake Kanyshai, Turat, anayeziba magurudumu pale langoni, kila Alhamisi hufungua redio kwa sauti yote, kwa ajili ya fahari ya dada yake. Siku hiyo aliifungua, kisha akaitwa na mtu aliyekwama barabara kuu. Akaondoka, akaiacha inasema peke yake.

Saa kumi na moja ikafika. Kutoka kwa mzee Ermek ikapanda sauti ya mwanamke anayeomboleza.

Kwetu sauti hiyo ikisikika, hakuna anayeuliza. Kusimama langoni ukasema "Amekufa nani?" ni aibu kubwa, utaonekana unapima kama msiba huo unastahili machozi yako. Unaingia ukilia, habari utazijua ndani. Basi tuliingia. Mimi nilikuwa na unga mpaka viwikoni. Shaarkan apa, ambaye ndiye hasa anayewafundisha mabinti wa mtaa huu kuomboleza, aliingia akiwa ameshaanza mstari wa kwanza. Wanaume walisimama langoni wakiwa wameinama, mikono kiunoni, wakilia kwa sauti, "Baba yangu! Baba yangu wee!" Watoto wa Osmonaly ata, yaani baba Osmonaly, mzee wa msikiti wetu, walileta fito za hema la mtaa. Mwingine akaja anamburuta kondoo.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mzee Ermek. Kavaa soksi za sufu, hana fimbo, na machozi yanamtiririka ndevuni.

"Huyo ni Batma," akasema. "Mke wangu yuko wapi?"

Kilio kilikatika kama uzi. Redio tu ndiyo iliyoendelea, Batma anaimba na vyerehani vinakwenda.

Mara Kanyshai naye akatokea, anarudi kazini. Tokea kona ya barabara aliona wanaume langoni, fito za hema, kondoo. Na yeye ni binti wa mtaa huu, hakuuliza. Alitupa mkoba wake kwenye tope, akaja mbio akilia, "Baba yangu! Nimechelewa tena, baba yangu!" Akatupita sote, akaanguka miguuni pa mtu aliyesimama mlangoni.

Mzee akamtazama. "Na wewe unamlilia nani?"

Wapo waliocheka. Wapo waliokasirika, na Shaarkan apa alikuwa wa kwanza. "Umenitoa machozi ya bure, wewe msichana! Kwa umri wangu machozi yaliyobaki nayahesabu!" Osmonaly ata hakupandisha sauti, ila alitikisa kichwa: kumlilia aliye hai ni kumfungulia mlango Malaika wa mauti. Kondoo alichinjwa palepale, awe sadaka ya kumwombea mzee uhai, kwa sababu kondoo aliyekwisha kuingizwa langoni harudishwi. Tukala, Alhamdulillahi.

Kesho yake Sagyn baike, yaani kaka Sagyn, mwenye kituo, akampigia Kanyshai simu. "Miaka miwili nakungoja upigiwe simu na msikilizaji mmoja," akasema. "Jana wamepiga arobaini, wote wananitukana mimi. Dada yangu, kipindi kimesimama. Wazee wa mtaa wenu wakikiruhusu, kitarudi. Wasiporuhusu, kila Alhamisi nitaweka nyimbo za harusi."

Wengine wangekaa kimya mpaka watu wasahau. Kanyshai aliomba ruhusa karakanani siku mbili. Akakaanga boorsok, vile vitumbua vyetu vya pembe nne, beseni zima, akapita nyumba kwa nyumba, kumi na saba. Kila mlango alisema mambo mawili: kwanza, nisamehe machozi yako, pili, jioni ya Alhamisi njoo kwetu, wazee watakaa, useme ulicho nacho.

"Na kama nilicho nacho ni kibaya?" aliulizwa na fundi wa majiko.

"Njoo nacho hivyohivyo, baike. Kikiwa kibaya, ndicho ukiseme kwanza, kisije kikapoa."

Alhamisi tulijaa. Osmonaly ata alianza kwa dua, kisha akasema kwa upole, "Binti yangu, maombolezo ni ya wafu. Hayapigwi kama wimbo wa kuchezea."

"Ndiyo, ata," Kanyshai akasema. "Aliyeimba amekufa. Mimi ni binti yake, na sikumwimbia. Mnajua nilikuwa wapi."

"Basi ungemwimbia kwa kinywa chako," Shaarkan apa akadakia. "Si kwa cherehani!"

"Apa, ulinifundisha nikiwa na miaka kumi na miwili. Ulisemaje?"

Shaarkan apa akakohoa. "Nilisema una sauti ya mbuzi aliyekanyagwa."

Watu wakacheka, na Kanyshai akangoja wamalize.

"Sina sauti, apa. Nina vyerehani. Ndivyo vilivyonipa mkate wangu, Moscow na hapa. Siku mama alipokufa nilikuwa nimekaa mbele ya cherehani, na sikusimama mpaka zamu ilipoisha, kwa kuwa msimamizi hakuniruhusu. Kile mlichokisikia ni mlio kama wa saa zile. Nimeushona chini ya sauti yake. Kama nimekosea namna, nifundisheni namna. Lakini kipindi sikiachi."

Alisema bila kuinua macho.

Osmonaly ata akamgeukia mzee Ermek, maana neno la mwisho lilikuwa lake; yeye ndiye aliyeliliwa.

"Mimi nimebahatika," mzee Ermek akasema. "Nimesikia kilio changu mwenyewe. Sasa najua nani alilia kwa dhati na nani alikuwa anamtupia jicho kondoo." Akamtazama fundi wa majiko, ambaye akainama. "Tangu theluji sikuwa nimetembea. Siku ile nilitembea, kwa sababu niliitwa na mke wangu. Nilikasirika, sikatai. Nilidhani sauti ile nimeizika. Ila kosa la huyu si kuipiga. Kosa lake ni kutosema ni ya nani. Ataje jina kwanza. Aseme: huyu ni fulani binti fulani, alifariki mwaka fulani, na hapa anamlilia fulani. Hapo hata aliye barabarani atajua, atasema 'Mungu amrehemu', atapita zake."

Kanyshai alikunja uso. Robo saa yake ile ya muziki bila maneno aliipenda. Nilimwona anaipima moyoni.

"Nitataja jina," akasema. "Jina tu, kisha ninyamaze."

"Jina na mwaka," Osmonaly ata akasema.

"Jina na mwaka."

Wakafungua viganja, wakapiga dua, ikawa imepita. Sagyn baike alipigiwa simu jioni ileile. Shaarkan apa, akiwa anavaa viatu vyake mlangoni, alisema bila kumtazama mtu: "Na mstari wa tatu Batma aliuimba haraka mno. Nilimwambia enzi zile. Njoo Jumapili na hicho chombo chako cha kunasia sauti nikuonyeshe unavyokwenda. Nitamwimbia mume wangu, yeye amekufa kweli, nina hakika."

Sasa kipindi kina mwaka mwingine. Alhamisi, tunapokaanga mafuta ili harufu yake iwafikie marehemu wetu, na Kurani imeshasomwa, mtaa huu husikia kwanza jina na mwaka, halafu ule mlio wa farasi juu ya lami. Siyo wote wanaoupenda. Fundi wa majiko bado hufunga dirisha.

Nilipomwambia Kanyshai kwamba nataka kuandika habari zake, hakutaka kusomewa. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hakusimamisha kazi. Akasema:

"Eje, dada yangu, mimi usinisifu. Andika saa ya kipindi: Alhamisi, saa kumi na moja. Na mwenye kaseti ya sauti ya mama yake asiitupe, aniletee, na jina aliandike juu."