Siku Nyumba Ilipoturudia

Siku ya nne ya juma, saa kumi na moja ya magaribi. Naandika nikikaa nyuma ya jikoni, maana ndani Mama anapokea wageni, na mi sijui kusema mbele ya watu.

Leo kesi imekwisha: tribinali imeturudishia nyumba yetu ya Musonoi. Tata, baba yangu, alipoenda kulazwa Lubumbashi, alimwachia ndugu yake, Tata Mudogo, karatasi ya prokirasio, ya kumpa ruhusa ya kumsimamia parsele, kiwanja na nyumba yake. Tata akafa. Tata Mudogo akaendelea kutumia karatasi ileile, akauza nyumba, sisi tungali ndani, kwa mtu mwenye alitaka kuchimba kobalti chini yake. Juji amesema nguvu ya karatasi ilikwisha siku Tata alipokufa. Kuuza kule si kitu. Nyumba ni ya watoto wa marehemu.

Jirani yetu akapiga vigelegele: "Ee Tata Mudogo, sasa uchimbe mu mufuko yako!" Watu wakacheka. Solange, binti ya Tata Mudogo, mwenye tunakaa naye benchi moja masomoni, akaangalia chini. Naandika kweli: nilifurahi. Wao wanaishi kwenye chumba cha uani kwetu, na Mama anataka watoke.

Nilimuuliza Nkambo, aliyewazaa Tata na Tata Mudogo: "Nkambo, kesho nikae tena na Solange?"

Alikuwa anachagua sombe, majani ya mihogo. Hakuniangalia.

"Nakumbuka siku moja, mwana yangu, kule Kapanga. Nilikuwa mukubwa kama weye. Tata yangu alikufa, ndugu yake akakamata shamba yetu ya mihogo. Tulienda kwa chefu, tukashinda. Kesho yake, mu njia ya muto, nikapita binti ya ule ndugu ya tata, Rumbu, kama napita muti. Shangazi yangu akaniona. Ee, ule mama! Akanipokonya mutungi: 'Weye umekuwa juji? Chefu alihukumu tata yake. Huyu mutoto, nani alimuhukumu?' Akatutuma mutoni sote wawili na mutungi moja. Kuenda, kila mutu alipita upande yake ya njia. Kurudi, maji ilikuwa muzito, ikabidi tusemeshane.

"Miaka ikapita. Siku ya kuzaa tata yako, mvua ilikata njia, mukunga hakufika. Ni Rumbu alimupokea. Mikono ya kwanza yenye ilishika tata yako ni ya binti ya mutu mwenye tulishinda."

Akatupa jani moja bovu.

"Sikuambii murudishe nyumba. Mutoto yangu alikosa, na mi mama yake nilisema vile mbele ya juji. Ni mi nilimuzaa, lakini nilisema. Nyumba ni yenu, mwana yangu, mukae bila haya. Ila juji akimaliza kuhukumu, weye usiongeze hukumu yako. Mungu akupe watu wa kukuitika kila mara utaita."

Siku ya tano, magaribi tena. Asubuhi nilisimama kwenye mlango wa chumba cha uani. Tata Mudogo alikuwa anafunga godoro na kamba. Sikuweza kumwangalia. Nikaita:

"Solange! Tunachelewa!"

Solange akatoka, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Na mama yako?" akauliza.

"Sijamuomba ruhusa."

Akavaa kile kiatu cha pili, tukaenda.