Kapsule za Pejo ya Direkta

Bwana yangu Norbert, mi nikimusema vibaya, ninyi musimuseme. Hiyo ni kazi yangu. Niko naye miaka makumi mbili na saba, nimemuzalia Gentille na bengine, nimemufulia makoti yenye mafuta ya motere mpaka mikono yangu inanuka garaje. Kwa hiyo nikikasirika, nakasirika na haki yangu yote.

Hapa Baraka bafundi hawakosekane. Kuko ba pikipiki, kuko ba mashine ya kusaga mihogo, kuko ba magari ya mazutu, ile dizeli, yenye inaendaka Lulimba. Lakini wa gari ya zamani ya esanse, ile petroli, amebaki mumoja tu, Norbert. Na gari yenyewe imebaki moja, Pejo ya Papa Bonaventure. Huyo alikuwa direkta wa shule kule Fizi, alipata pensheni zamani, lakini bantu bote banamuita Direkta mpaka leo.

Mu mwezi wa sita Pejo ikaanza kusumbua. Inakohoa, inakunywa esanse bila haya, inapata moto mbele ya kufika ku mulima. Direkta alianza kwa Vainqueur, kijana mwenye garaje kubwa karibu na soko. Vainqueur akafungua karbiratere, akasafisha, akafunga. Mara tatu. Gari ikakohoa vilevile. Njo Direkta akakumbuka Norbert.

"Ukikanyaga akseleratere yote, inavuta?" Norbert akamuuliza.

"Inavuta."

"Na ukikanyaga polepole?"

"Polepole njo inakohoa!"

Norbert akafungua boneti. Mi nilikuwa pale, nilimuletea chakula. Akachomoa tuyo moja ndogo, bomba ya hewa yenye inatoka ku karbiratere kuenda ku deleko, kule kwenye kunagawanywa moto wa mabuji, ule wa kuwashia esanse. Akaziba tuyo na kidole. Motere yenye ilikuwa inachechemea ikatulia papo hapo.

"Kapsule imepasuka," akasema. Akamuonyesha Direkta ile kitu, kama visahani vibili vya chuma vilivyofungia mupira ndani. Motere ikivuta hewa, mupira inavuta kafimbo, na moto wa mabuji unawahi kidogo. Mupira ikichoka na miaka ikapasuka, moto unachelewa, na motere inakunywa hewa yenye haikualikwa. "Karbiratere ya bantu haina kosa," Norbert akasema.

Siku ile nilimupenda, nisifiche. Vainqueur alimaliza wiki nzima na hakuona kitu. Norbert aliona na kidole kimoja.

Direkta naye hakuwa na subira tena. "Norbert, nakupa wiki mbili, mpaka siku ya posho, ile ya sita. Kama hii gari haipande Fizi, Vainqueur atatoa hii motere na ataweka ya mazutu. Amesha kuipata."

Usiniulize kama Norbert alikula siku ile. Sahani ilirudi na ugali yote. "Motere ile ikitoka," akaniambia, "mi nitabaki muzee wa kupitishia Vainqueur funguo za kufungulia motere." Na mi nilijua hasemi kwa kuzidisha. Kazi ingine yote, bale bavijana banaifanya mbio kuliko yeye.

Tukaagiza kapsule ingine kwa Wilfried, mwenye anauzisha vyuma vya magari ya zamani kule Uvira. Ikafika kisha ya siku ine, imefungwa ndani ya gazeti. Sasa musikie desturi ya Norbert: haweke kitu mu gari mbele ya kukipima mwenyewe. Kapsule inapimwa na kinywa. Unaweka tuyo mu kinywa, unavuta, unaangalia kafimbo. Kakienda, unaziba tundu na ulimi. Kakibaki pale, kapsule ni muzima.

Norbert akatupatia mugongo, akavuta. Kafimbo hakakuenda. Akavuta tena. Akavuta mara ya tano, mishipa ya shingo imesimama.

"Imekufa," akasema. Tukairudisha Uvira na gari ya siku ile ile. Wilfried akapiga simu, analalamika: "Papa Norbert, mi niliivuta mwenyewe mbele ya kuituma!" Norbert akamukatia simu. "Mwizi huyo," akaniambia, akamuambia na Direkta, na mi mujinga nikaitika.

Ya pili ikafika siku ya ine ya wiki ya mwisho. Mugongo, kuvuta, kafimbo kimya. Aka! Alitupa ile kapsule mu karto ya vyuma vya kufa, akapiga karto teke, akaumia kidole. Nyumbani akasema sombe, yale majani ya muhogo, haina chumvi. Nikaongeza chumvi, akasema imezidi. Nikamuambia ajipikie.

Vainqueur naye akapita na pikipiki yake, anachekelea. "Papa Norbert, banasema ya kale ni dhahabu. Lakini dhahabu iko Lulimba, haipandake Fizi!" Nilitafuta jiwe, sikuona jiwe.

Siku ya tano mangaribi nikamupelekea chai mu garaje. Alikuwa amekaa juu ya pinee, tairi ya zamani, anaangalia Pejo. Nikamupa kikombe, akakunywa. Na chai ikamutoka upande wa kushoto wa kinywa, ikateremuka ku kidevu mpaka ku shati. Akapangusa na bega. Hakujua hata kama alipangusa.

Ile chai, naionaka tangu mwezi wa ine. Mwezi ule Norbert aliamuka asubuhi uso umevutwa upande, na jicho halifungike. Bamoja bakasema ni upepo, bengine bakasema bamemuroga. Munganga ku hospitali alisema ni mushipa wa uso, itarudia polepole, aje tena kila wiki afanye mazoezi ya uso. Jicho likarudia. Norbert akasema "nimepona" na hakukanyaga tena kule. Lakini upande ule wa kinywa haukurudia. Kupuliza moto, siku hizi ni mi napuliza. Na kila kazi ya kinywa anabapa bantu mugongo.

Nilikuwa naona, na sikuona. Muntu mwenye kinywa haishike chai, itashika hewa namna gani?

Nikaweka termosi chini, nikatoa ile kapsule ya pili mu karto, nikapangusa tuyo na kitenge.

"Mama Gentille, acha michezo."

Nikavuta. Kafimbo kakaenda. Nikaziba na ulimi, na ulimi ukanaswa kabisa, siwezi hata kumutukana. Nikamuonyesha na kidole. Kafimbo kalibaki pale pale, hakarudi.

Norbert alisimama. "Fanya tena," akasema. Nikafanya tena. "Tena." Nikafanya mpaka mate yakawa na ladha ya mupira. Akakaa.

Hapo hasira yangu ikapanda. "Baba Gentille, nilikuambia urudi ku hospitali! Nilikuambia mara ngapi? Bazee banasema muficha ugonjwa, kilio kitamufichua. Umeita muntu mwizi! Umetutesa wiki mbili juu ya chumvi, kumbe ni kinywa!"

Alishika ule upande wa uso. Sauti yake ikawa ndogo. "Usiambie muntu."

Nilikuwa na hasira na nilikuwa na huruma, na sikupenda hata moja. Yeye akachukua turnevisi, akafungua visi mbili ku deleko, akatoa kapsule ya zamani, akanasa kafimbo ya mupya mu nafasi yake, akafunga. Mikono ile haina ugonjwa. Pejo ikawaka, akagusa akseleratere polepole, motere ikapanda laini bila kukohoa hata mara moja.

Siku ya posho tukapanda Fizi. Direkta mwenyewe aliendesha, Norbert mbele, mi nyuma. Nilisema naenda kusalimia dada yangu. Uongo, nilitaka kuona. Kila kona, Direkta anapunguza, kisha anakanyaga polepole, na mi nashika kiti nangojea ule mukohozi. Haukukuya. Pejo ilipanda mpaka Fizi kati, na hakuna moshi, hakuna moto, hata maji ya radiatere hatukuongeza.

Direkta akashuka, akapiga paa la gari na kofi, anacheka. Kisha akatoa simu.

"Sasa ni zamu ya yule mwizi wa Uvira. Alitutumia kitu ya kufa, nusura nipoteze gari yangu. Nitamuaibisha mbele ya bantu bote ba soko yake."

Akapiga, akafungua sauti ili na siye tusikie. Norbert alikuwa anaangalia pinee. Mi niliangalia shingo yake kutoka nyuma, na roho ilikuwa inaniwaka. Nikasema mu moyo: Norbert, ukinyamaza leo, kuanzia leo utakula kwa mama yako.

"Alo?" sauti ya Wilfried ikasema.

"We mwizi..." Direkta akaanza.

Norbert akanyoosha mukono, akamutoa simu.

"Wilfried, ni Norbert wa Baraka. Kapsule yako ya kwanza ilikuwa muzima. Ni kinywa yangu njo ilikufa. Mi siwezi tena kuvuta. Hii ya pili ni bibi yangu, Mama Gentille, aliipima. Nilikuita mwizi, unisamehe."

"Asante, Papa Norbert," Wilfried akasema. "Hapa bantu balisha kuanza kusema mi nauzisha vitu vya kufa."

Norbert akamurudishia Direkta simu. "Direkta, nilikukawisha wiki nzima juu ya haya yangu. Kama unataka kupeleka gari kwa Vainqueur, peleka. Mi sitakasirika."

Uongo tena. Alisema vile na mukono juu ya boneti ya Pejo, hautoe.

Direkta akanigeukia. "Mama, ni wewe ulivuta?"

"Ni mimi."

"Na nani alijua ni kapsule?"

"Ni yeye. Vainqueur hakujua, mi sikujua, na wewe Direkta hukujua."

Akamupima Norbert na macho, vile alikuwa anapimaka zamani mbele ya kuandika pointi ya mutoto. Kisha akatupa funguo ya gari, na Norbert akaidaka.

"Basi muangalie na breki. Kupanda nimepanda na woga, sasa sijui kama nitashuka."

Norbert alikuwa amesha kulala chini ya gari na shati yake ya kanisa. Nikainama, nikamuuliza kama nimusaidie.

"Breki mi najua mwenyewe," akanijibu. "Breki haivutwe na kinywa."