Tata Wanjira na Wimbo wa "Siendi Huko"

Kama ulilelewa upande wa Karatina miaka ile ambayo redio moja ilitosha kijiji kizima, basi hata leo mtu akipaza sauti na kuuliza, "Miguu ni ya nani?" mdomo wako utajibu kabla akili haijafika: "Ni yangu!" Vijana watakutazama kama mgonjwa. Waache. Hawakuwako.

Sisi tulikuwako. Tuliamka kukiwa na baridi ya kukata masikio, tukanywa uji kwenye vikombe vya bati vilivyounguza midomo, tukabeba nduma ya moto mfukoni iwe chakula cha saa nne na wakati huohuo iwe ya kupashia mikono njiani. Viatu vilikuwa vya kanisani. Shuleni tulikwenda miguu mitupu juu ya umande, na tulipofika nyasi zilikuwa zimetuosha mpaka magotini. Jioni tuliruka blada kwa mpira wa baiskeli uliochakaa, mpaka mama zetu walipotuita kwa majina yote mawili, na hapo ulijua mzaha umekwisha. Mama yangu alikuwa na msemo wake: "Masikio ya mtoto yako matakoni." Alimaanisha kwamba mtoto husikia akichapwa. Nasi tulisikia sana.

Tata Wanjira alikuwa dada mdogo wa baba yangu. Alikuwa mrefu, mwenye pengo dogo kwenye meno ya mbele na sauti nzito kidogo kuliko wanawake wengine, sauti ambayo kwenye kwaya ya kanisa ilibidi aambiwe ateremshe ili wenzake nao wasikike. Babake, yaani Guka wetu, alikuwa mzee wa kanisa. Alivaa koti lilelile la kijivu mvua na jua, hakunywa, hakucheka ovyo, na Kiswahili hakukitumia isipokuwa mbele ya polisi.

Mwaka mmoja, wakati mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu, alikuja tajiri mmoja kutoka Kutus, mzee aliyefiwa na mke, mwenye kinu cha kukoboa mchele wa Mwea. Alikuja na wazee wenzake na kibuyu cha pombe ya muratina, kumposa Tata. Guka hakuwa mnywaji, lakini mila ni mila. Binti huitwa mbele ya wageni, na wazee humuuliza, "Tuinywe?" Akisema ndiyo, ameolewa. Sisi watoto tulikuwa tumejipanga nje chini ya dirisha kama kuku wanaongoja mahindi. Tata hata hakupewa nafasi ya kumtazama vizuri yule mzee. Aliulizwa, naye akajibu kwa sauti ileile ya kwaya:

"Mkitaka kunywa, kunyweni. Lakini mkishakunywa, mtaenda huko wenyewe. Mimi siendi."

Wageni waliondoka na kibuyu chao kikiwa kimejaa. Guka alikaa kwenye kiti mpaka giza likaingia, kisha akamwambia Cucu, mkewe, kwamba huyo msichana asile tena meza moja naye. Kesho yake Tata alifunga nguo zake kwenye leso, akateremka Karatina, akapata kazi ya kushona sare za shule kwa mama mmoja fundi nyuma ya soko. Tangu siku hiyo, Guka hakulitaja jina lake. Cucu alipomtaja kwenye maombi ya chakula, Guka alifungua macho na kuanza kula kabla ya "amina".

Mlango wa pili kutoka kwa yule fundi palikuwa na kijana wa kutengeneza redio aliyeitwa Wafula. Babake alikuwa sajini wa polisi kutoka magharibi, amehamishiwa kituo cha Karatina. Wafula alipiga gitaa la umeme katika bendi ndogo iliyojiita Ngurumo, na alikuwa mgonjwa wa muziki wa roki. Alikuwa na santuri za Wazungu wenye nywele ndefu, zimesikilizwa mpaka zikawa na mikwaruzo mingi kuliko muziki. Spika yake ilikuwa imepasuka, na hakuwa na nyingine. Kwa hiyo gitaa halikulia kama gitaa la harusini. Lilinguruma kama lori la mawe linalopanda mlima kwa gia ya kwanza. Watu wazima walisema limeharibika. Tata alisikia mngurumo ule kupitia ukuta wa mabati, akaacha cherehani, akaenda kusimama mlangoni.

"Hiyo kitu inalia vile mimi nasikia ndani," alimwambia.

Wafula akamuuliza anasikia nini. Tata akamsimulia habari ya kibuyu. Wimbo ulitoka hapo. Na kwa kuwa Wafula hakujua Kikuyu cha kutosha na Tata hakujua neno la kwao Wafula, waliutunga kwa Kiswahili cha sokoni, kile cha kununulia viazi. Ndiyo maana ulisafiri mbali hivyo. Ulikwenda hivi:

*Mmenichagulia njia, mmenichagulia viatu.*
*Miguu ni ya nani? Ni yangu!*
*Siendi huko.*

Walikuwa wakiupiga Jumapili mchana katika hoteli moja karibu na stesheni. Sisi watoto wa kanisa hatukuruhusiwa hata kupita upande ule, kwa hiyo tulipita kila wiki. Ukuta wa hoteli ulikuwa ukitetemeka. Mara ya kwanza niliposikia sauti ya shangazi yangu ikitoka mle ndani, ikipanda juu ya lile gitaa bila mtu wa kumwambia ateremshe, nywele za mikono zilinisimama. Rafiki yangu Muthoni alinishika kiwiko. "Huyo ni Tata yako?" aliniuliza. Nikamwambia ndiye. Nilitembea kwenda nyumbani kama niliyepewa zawadi.

Basi kijiji kikaingiwa na ugonjwa. Ukitumwa maji mtoni: "Siendi huko!" Kofi. Ukitumwa kwa jirani kuomba moto: "Miguu ni ya nani?" Kofi lingine. Mama alisema, "Miguu ni yako, lakini hiyo githeri unayokula ni yangu." Tuliendelea kuimba huku tukisugua mashavu. Hata wachuuzi wa karoti sokoni waliuimba mteja akishusha bei. Wanawake wa Mwea waliokuwa wakipepeta mchele waliubadilisha kidogo, wakaweka mikono badala ya miguu.

Nami ningeukumbuka kama kelele tamu za utoto tu, kama isingekuwa kahawa ya mwalimu mkuu.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa na shamba la kahawa chini ya shule. Msimu ukifika, Ijumaa ilikuwa hakuna masomo. Tulipangwa mistari, tukapewa vikapu, tukateremka kuchuma. Mvua ikinyesha tulichuma. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu na vimepasuka kwa baridi, na ole wako ukichuma punje mbichi. Wazazi walijua. Walinung'unika jikoni, lakini nani angemkabili mtu mwenye hatima ya mtoto wake mkononi? Muthoni alikuwa darasa la saba, na mtihani ulikuwa unakaribia. Alikuwa anataka kuwa nesi. Alikuwa akibeba kitabu cha hesabu ndani ya kikapu chake, akisoma katikati ya mistari ya kahawa, mpaka mwalimu alipokiona akakitupa kwenye matope.

Ijumaa iliyofuata kengele ya vikapu ilipolia, Muthoni aliketi chini. Katikati ya uwanja wa paredi, kwenye nyasi zilizolowa, na sketi yake safi. Tulidhani anaumwa. Mwalimu wa zamu alimwambia asimame. Muthoni akafungua mdomo, akaimba kwa sauti ndogo kabisa, "Miguu ni ya nani?"

Kisha mtu mmoja nyuma akajibu. Kisha darasa la sita. Kisha shule nzima ilikuwa imeketi chini kwenye umande, wadogo na wakubwa, tukiimba kwa nguvu mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye miti ya mikaratusi. Hatukuwa na gitaa, kwa hiyo wavulana walinguruma kwa koo. Sijawahi kuogopa hivyo, na sijawahi kufurahi hivyo.

Tulichapwa, bila shaka. Walimu walichapa mpaka wakachoka mikono, wakapumzika, wakaendelea. Mwalimu wa sayansi, mtu wa Machakos, ndiye peke yake aliyekataa kushika fimbo. Alisimama kando akitazama mlima. Jioni ile tulilala kifudifudi.

Mwalimu mkuu alikwenda kwa chifu. Alisema watoto wamechochewa, na mchochezi anajulikana. Jumamosi asubuhi likaitishwa baraza kwenye uwanja wa shule. Wazazi wote walifika. Tata Wanjira na Wafula waliletwa na askari, wakasimamishwa mbele, yeye na leso yake kichwani, Wafula akiwa amekumbatia gitaa kwa sababu aliogopa kuliacha dukani. Chifu alizungumza kwa Kiswahili ili maofisa waliotoka mbali wasikie. Alisema wimbo ule ni sumu na kuanzia siku ile ni marufuku. Kisha akamgeukia Guka, aliyekuwa ameketi na wazee wa kanisa kwenye benchi.

"Mzee, wewe ni mtu wa heshima. Kuja hapa mbele. Kanya huyu msichana wako mbele ya watu, umwambie si mtoto wako kama hataacha hiyo wimbo."

Guka hakusogea. Alitazama fimbo yake ya kutembelea. Chifu akarudia, akidhani hakusikia. Uwanja wote ulikuwa unamtazama Guka, na mimi nilimtazama Tata. Alikuwa amefumba macho, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano.

"Mzee, nimesema kuja hapa mbele."

"Mimi," Guka alisema kwa Kiswahili chake cha polisi, taratibu, "siendi huko."

Mtu mmoja alicheka, kisha akaziba mdomo. Hakuna aliyejua kama Guka alikusudia au ni maneno tu yaliyomtoka. Akasimama palepale alipokuwa, akavua kofia, akaendelea kwa Kikuyu.

"Huo wimbo siupendi. Hilo gitaa linalia kama ng'ombe mgonjwa. Lakini huyu binti nilimwita nikamwambia aende mahali, akasema hataki. Hakuiba, hakutukana mtu. Alisema hataki. Na hawa watoto wamesema hawataki." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Sasa wewe mwalimu, tuambie. Kahawa yako nani alipaswa kuchuma?"

Mwalimu mkuu alianza kueleza habari za nidhamu, lakini mama mmoja upande wa nyuma akauliza swali lilelile. Kisha mwingine. Kisha baba yake Muthoni, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, akaja mbele na kuinua mikono ya binti yake, yenye nyufa na alama za fimbo, watu waione. Baraza lile halikufungwa kwa maombi kama kawaida. Lilivunjika lenyewe.

Wakati watu wanatawanyika, Guka alipita karibu na Tata. Hakumgusa. Hakumtazama sana. Alimwambia, "Mama yako amepika. Kuja ukule." Kisha akaongeza, "Na huyo wa gitaa."

Ijumaa iliyofuata tulisoma hesabu siku nzima. Baada ya likizo tukapata mwalimu mkuu mwingine.

Lakini marufuku ya chifu ilibaki. Hoteli zilikataa kuwapa Ngurumo nafasi. Walikuwa wameshaurekodi wimbo huo Nairobi, upande mmoja wa santuri ndogo, lakini redioni haukupigwa hata siku moja. Sajini akahamishwa tena, kama kawaida ya polisi, na Wafula akafuata wazazi wake. Aliondoka na gitaa, akamwachia Tata ile spika iliyopasuka. Sisi watoto tulitaka sana waoane. Ingekuwa hadithi nzuri. Hawakuoana. Tata aliolewa baadaye na mwalimu wa sayansi, yule aliyetazama mlima, na wanaishi Kutus mpaka leo, si mbali na kile kinu. Muthoni alikuwa nesi. Amestaafu, ana ng'ombe wa maziwa na sauti kubwa kuliko zamani.

Wimbo wenyewe haukumwomba chifu ruhusa. Uliimbwa kwenye mechi za mpira, kwenye migomo ya vyuo ambako waimbaji hawakujua hata Karatina iko wapi, na katika harusi, jambo ambalo Tata hulicheka mpaka machozi, bibi harusi akisindikizwa kwa "Siendi Huko". Mwanasiasa mmoja aliutumia kwenye kampeni. Tata alimsikia kwenye kipaza sauti akasema, "Huyu naye! Ni kwenda tu anataka, kwenda Bungeni."

Na sasa vijana wameupata. Desemba iliyopita tulikutana Kutus, na mwanangu Mwangi akamwekea Tata toleo lao jipya kwenye simu. Wameondoa gitaa la Wafula, wameweka ngoma za kompyuta na msichana anayeimba kama amebanwa pua.

"Cucu, hii ngoma yako imeweza," Mwangi alimwambia, maana kwake Tata ni nyanya. "Inatrendi."

Tata aliinamia simu, akasikiliza mpaka mwisho. Nilijiandaa kumtetea mbele ya vijana. Lakini aliomba irudiwe, na mara ya pili akaanza kuimba naye, na vijana wakanyamaza kwa sababu ile sauti bado ipo. Imezeeka kidogo pembeni tu. Alipomaliza alisema, "Huyo msichana anaimba poa. Lakini amwambie yule wa ngoma, hajawahi kukasirika."

Siwalaumu watoto wetu. Wana mambo yao ya kukataa, na mengine ni magumu kuliko kahawa ya mwalimu. Ingawa ukimtuma wa kwangu dukani atakuambia siendi akiwa amelala kwenye kochi, na hakuna kofi, na anajua hakuna. Enzi zetu tulikuwa na wimbo mmoja, ukivuka bonde kutoka mlima hadi mlima, na ukiusikia ulijua wenzako wote wameusikia, hata yule aliye mtoni. Sasa wana nyimbo elfu, na kila mmoja amejiziba masikio na zake. Mwangi akiupenda wimbo, mimi mamake siujui. Naona tu mguu wake ukicheza chini ya meza.