Simu ya Mama Haikujua Kunyamaza

Kacha! Mpaka leo nikiisikia sauti hiyo mahali, hata kwenye simu ya mtu mwingine, mabega yananipanda. Simu ya mama ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka kwenye kona, na kila ukipiga picha ililia hivyo, kwa nguvu, kama mtu anayevunja muwa kwa goti. Niliingia kwenye mipangilio yote kutafuta pa kuizima, nikabonyeza hiki, nikabonyeza kile. Haikuzimika. Simu ilikuwa haijui kunyamaza, kama mwenyewe alivyokuwa.

Mama alikuwa akianika omena, wale dagaa wa ziwani, huko Homa Bay. Alipofariki niliachiwa simu hiyo na chaja iliyofungwa kwa uzi. Ndani mlikuwa na video yake moja, niliyomchukua mwenyewe akiwa ameinama juu ya neti. Ananitazama, anacheka, ananiambia kwa Dholuo niweke hiyo kitu chini nije nigeuze samaki kabla ndege hawajamaliza. Basi, imeisha. Nilijaribu kuihamishia kwingine. Bluetooth ilizunguka mpaka betri ikafa, mahali pa kadi palikuwa pameshika kutu, na programu za kuwatumia watu video zilikuwa zimeshaikataa simu kwa uzee wake. Kwa hiyo mama alikaa humo tu. Popote nilipokwenda nilimbeba ndani ya blauzi, nimemfunga kwa kitambaa.

Baada ya matanga nilikwenda Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu, kwa mama mdogo wangu. Kazi yetu wanawake ilikuwa kuosha. Mawe yakishasagwa, unga wake unamwagwa juu ya ubao uliotandikwa gunia, maji yanapita, na kile kizito kinabaki kwenye nyuzi za gunia. Unainama asubuhi, unainuka jioni. Lakini mimi nikinyoosha mgongo kidogo tu, naona vitu: maji mekundu yameshika jua, wanawake wamepakwa vumbi mpaka kope, mkono wa mtu umeganda juu ya karai. Kacha! Nilikuwa nimeshajipangia studio Migori mjini, yenye mlango wa buluu. Hata pazia nilikuwa nimelichagua.

Wenzangu hawakunipenda. Waliniita nyar nam, binti wa ziwa, na kwa midomo yao lilikuwa tusi.

“Nyar nam, hizo picha unapelekea polisi gani?”

“Polisi wapi! Huyo anatafuta bwana. Mwambieni picha haipikwi.”

Nilicheka nao. Nilidhani ukicheka na watu wanakuchoka.

Pale machimboni kuna miiko. Mwanamke hasogelei mdomo wa shimo. Na mawe ya mkondo mpya wa mwamba yakianza kupanda kutoka shimoni, hakuna anayepiga mluzi, hakuna anayeitaja dhahabu kwa jina. Wanasema “ile kitu”. Ile kitu ina aibu, wanasema, ukiishtua inahama.

Siku ile mawe yalipanda yakiwa na mstari wa njano. Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa na wanaume walishusha magunia bila neno, kama wanashusha mgonjwa. Mimi nilikuwa mbali na shimo, kwenye ubao wangu. Jua likaangukia ule mstari. Nikasahau.

Kacha!

Vichwa vyote viligeuka. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililonitisha. Magunia yaliyofuata yakatoka mawe matupu. Kesho yake hivyo hivyo. Kwenye gunia langu na la kila mwanamke ukabaki mchanga mweusi peke yake.

Mwenye shimo akaja mpaka kwenye mbao zetu. Mtu wa gambuti na sauti ya chini sana. Wote wakamfuata. Mama mdogo alikuwa wa kwanza kusogea mbali nami.

“Mimi sikumtuma,” alisema.

“Fungua,” mwenye shimo akaniambia. “Futa zote, nikiona. La sivyo nitaifuta mimi, ibaki kama imetoka dukani.”

Nikafuta. Mikono, maji, kope. Picha ya mama mdogo akicheka, pengo lake la jino likionekana, hiyo pia nilifuta, naye akaangalia pembeni. Tukafika kwenye video. Mwenye shimo akaibonyeza mwenyewe, na mama akacheka pale katikati ya watu wale.

“Na hii.”

“Huyu ni mama yangu, baba. Amekufa.”

“Yawa!” mwanamke mmoja akaruka nyuma. “Sauti ya maiti kwa machimbo! Si ndiyo maana?”

“Futa!” wengine wakadakia. “Kwani na sisi tufe?”

Kidole cha mwenye shimo kilikuwa tayari juu ya alama ya pipa la taka. Nikasema kitu nilichokuwa sijakifikiria.

“Vunja kamera. Video niachie.”

Akaigeuza simu. “Kamera yenyewe ni wapi?”

Nikamwonyesha lile jicho la nyuma. Akailaza juu ya jiwe, akaweka msumari, akapiga mara moja. Mlango wangu wa buluu ulikwenda na ule mlio mdogo wa kioo. Mimi ni mtu wa kucheka, kila mtu atakuambia, lakini niliwachukia watu wale mmoja mmoja, kwa nyuso zao, na wengine bado sijamaliza.

“Sasa nenda na mama yako,” akasema.

Begi langu nililikuta mlangoni kwa mama mdogo, limeshafungwa zipu.

Homa Bay nilishuka nikaenda moja kwa moja ufukweni. Hapakuwa na mtu. Mahali pa neti yake palikuwa wazi, majani yameanza kuota. Nikaicheza video: yupo, anacheka. Nikafungua kamera: giza. Nikagusa ile mishale miwili inayozunguka, na paji langu la uso likatokea, lenye ukungu. Jicho dogo la mbele! Walikuwa wamelisahau, nami pia, maana sikuwahi kujipiga picha mwenyewe.

Nikapageuzia mgongo pale mahali pake, nikainua simu juu ya bega, nikachuchumaa polepole mpaka kichwa changu kikatoka kwenye kioo na pakabaki majani na ziwa. Nikabonyeza.

Kacha!