Wekesa Apita Ukweni kwa Baiskeli

Wekesa alikuja dukani kwangu Kitale msimu wa mbegu, wateja wakiwa wamejaa mpaka mlangoni. Akapenya katikati yao na kuniwekea simu yake mbele ya pua. Kulikuwa na tangazo la mbio za baiskeli za milimani, Uganda, upande wa pili wa Elgon. Mnashindana wawili wawili, na wote wawili lazima mvuke mstari pamoja.

"Njoroge, hii tunaenda," alisema.

Mimi nauza mbegu na mbolea, na nina tumbo ambalo hunitangulia kufika kila mahali. Baiskeli niliinunua kwa ushauri wa daktari, nikaipenda kuliko daktari alivyotarajia. Wekesa ana kinu cha kusaga mahindi Kimilili, mwembamba kama spoku. Kila Jumamosi tunaendesha pamoja, yaani yeye yuko mbele na mimi niko nyuma nikimpigia kelele anisubiri. Nilimuuliza tunatafuta nini Uganda wakati mlima wa Kapsokwony bado haujaniruhusu kufika juu.

Sauti yake ikashuka. "Hiyo njia inapita kwa wakwe zangu, kwa kina Nambozo. Wamesikia ati mimi mwanaume mzima nacheza na baiskeli. Wanasema binti yao aliolewa na mtoto. Si wanione nikimaliza?"

"Na tusipomaliza?"

"Kuna pikapu inakuja nyuma kubeba wenye wamechoka. Nikibebwa na pikapu ukweni, bana, heri nihamie Lodwar."

Nikaelewa kwamba heshima ya rafiki yangu imetundikwa juu ya tumbo langu. Niliogopa kabisa, lakini nilikubali.

Ijumaa asubuhi niliondoka Kitale kwa baiskeli, nikapitia Kiminini na Kamukuywa mpaka Kimilili. Nambozo, mke wa Wekesa, alituwekea chai na viazi vitamu, kisha akatupa mawaidha kana kwamba tunaenda jandoni. Kubwa lilikuwa hili: mama yake na Wekesa hawaruhusiwi kuonana. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawashikani mikono, wala hawapiti njia moja, mpaka sherehe ya kuondoa huo mwiko ifanywe, na yao ilikuwa bado. Hata picha ya Wekesa kwenye simu mama alikataa kuiangalia. Miaka yote ya ndoa hiyo hakuijua sura ya mwanaume aliyemchukua bintiye.

"Mama mkimwona njiani, Baba Simiyu ajifiche," alisema Nambozo, akimwonyesha mumewe kwa kidole. "Asisimame kama nguzo ya stima."

Nilicheka. Kwetu mama mkwe akija, anakaa sebuleni na kushika rimoti.

Sirisia tulisimama kununua ndizi. Mama muuzaji aliniangalia, akaangalia baiskeli, akamuuliza Wekesa, "Huyu mnene ni mshindani ama ni mzigo?" Wekesa akamjibu kwamba bado hajajua. Niliongeza ndizi mbili za hasira.

Lwakhakha, mpakani, afisa aliniuliza naenda kufanya nini Uganda. Nilipomwambia naenda kushindana mbio za baiskeli, alimwita mwenzake kutoka chumba cha pili, akaniomba nirudie. Nilirudia. Wakanitakia safari njema kwa furaha ambayo sikuipenda.

Jioni tulifika kwa mzee Wamono, mjomba wa Nambozo, kwa sababu mkwe halali katika nyumba ya wakwe zake. Alitukaribisha kwa salamu ya "Mulembe!", ileile ya kwao Bungoma, na Wekesa akatulia kama mtu aliyerudi kwao. Tuliandaliwa matoke na maleya, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Nilikula mpaka mzee akaacha kunikaribisha na kuanza kunitazama.

"Kesho kijiji chote kitakuwa kando ya njia," alisema. "Mkwe wetu akikosa kufika, hatutamlaumu yeye."

"Mtamlaumu nani?" niliuliza.

"Tutajua tu," akasema, akinisogezea sahani.

Jumamosi, filimbi ikalia. Vijana wenye miguu ya mbuzi walitoweka mbele yetu kabla sijapata gia. Nyuma yetu ikanguruma ile pikapu, nyekundu, dereva ametoa kiwiko dirishani anapiga mluzi wa wimbo wa kanisa. Nikajua tutafahamiana.

Njia ilipanda katikati ya mashamba ya kahawa na migomba. Wekesa angeweza kwenda mbali, lakini kulikuwa na shida ambayo hakuna aliyeifikiria. Kando ya njia walisimama wazee, na kila mzee alikuwa baba mkwe wa namna fulani, ama ndugu ya baba mkwe, ama rafiki wa ndugu ya baba mkwe. Mkwe hapiti wazee akiwa juu ya baiskeli. Kwa hiyo Wekesa alishuka, akavua helmeti, akainama, akawasalimia mmoja mmoja, akaulizwa habari za mvua Kimilili, akajibu, akapanda tena. Baada ya mita chache akashuka tena. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane nilimfikia, halafu nikampita, nikalazimika kumsubiri. Raha niliyoipata hapo siwezi kuificha.

"Wekesa, hii ni mbio ama ni matanga?" nilimpigia kelele.

"Wewe nyamaza! Hawa ni watu!"

Pikapu ikasogea. Tulikuwa wa mwisho kabisa.

Kufikia adhuhuri tuliteremka kwenye kijito chenye daraja la magogo, jembamba kiasi cha kupita mtu mmoja. Chini palikuwa na bonde la mawe, hakuna pengine pa kupita. Mdomoni mwa daraja, upande wetu, akina mama wa kanisa walikuwa wakigawa maji, na kwa kuwa washindani wote walikuwa wameshapita, wengine walikwenda zao. Alibaki mama mmoja na mtungi wake. Aliinua macho, yakaishia kwenye shati la Wekesa aliyekuwa akija, lililoandikwa KIMILILI mgongoni na kifuani. Akapiga ukemi, akajifunika leso kichwa kizima, akachuchumaa nyuma ya mtungi.

Wekesa hakuuliza. Alijirusha kutoka kwenye baiskeli akazama ndani ya mti wa kahawa.

Nikabaki peke yangu njiani, katikati ya mtungi na mti. Mama hangeweza kuondoka, maana njia ya kwenda kwake ilipita pale kwa Wekesa. Wekesa naye hangeweza kupita, maana daraja lilikuwa pale kwa mama. Kila mmoja alikuwa amejificha kwa adabu akimngoja mwenzake aende. Na juu ya kilima nilisikia ule mluzi.

"Wekesa, toka! Gari linakuja!"

"Siwezi! Amefunika uso?"

"Amefunika!"

"Akifunua je?"

Ndipo mama akasema. Hakusema nami wala na Wekesa. Aliuambia mti.

"Wewe kahawa," alisema kutoka chini ya leso, "mwambie huyo mtu nilimwomba pasta anipange hapa kwa maji. Nilisikia mkwe wangu atapita mbio kama upepo. Nikasema nitageuka, apite, halafu nione hata mgongo. Mgongo si uso. Sikujua atakuja polepole hivi."

Kisha baiskeli ya Wekesa, iliyokuwa imelala njiani, ikasemeshwa na mti.

"Wewe baiskeli, mwambie mama asamehe. Nacheleweshwa na mtu mnene."

"Muongo!" nilisema.

"Mwambie pia Nambozo ako sawa. Anamsalimia. Watoto wako sawa."

Leso ilitikisika. Nadhani mama alikuwa analia, au anacheka, au vyote. Kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeamrisha shamba zima, "Kahawa, mwambie apite sasa! Mimi nimeangalia mlima!" Akasimama pembeni kabisa ya njia na kugeuka kuelekea Elgon. Wekesa akatoka na majani masikioni, akainama mpaka kifua kikagusa usukani, akapita nyuma yake akiangalia matope. Mimi nikafuata. Tulipovuka nikachungulia nyuma. Mama alikuwa amefunua leso na kuushika mdomo, macho yote kwenye mgongo wa Wekesa unaopanda kilima.

Pikapu ilifika pale kwenye mtungi. Dereva alitaka kuzunguka kwa kivuko cha magari atukamate mbele. Mama akasimama katikati ya njia na kikombe.

"Mwanangu, umetoka mbali. Kunywa maji."

"Asante mama, sina kiu."

"Utakataa maji ya kanisa?"

Tulimwona dereva akinywa kikombe cha kwanza. Tulipofika juu ya kilima alikuwa bado anakunywa, na mama alikuwa ameanza kumpakilia mitungi ampeleke nyumbani.

Tulivuka mstari pamoja, wa mwisho, watu wakishangilia kuliko walivyomshangilia mshindi. Mzee Wamono alimshika Wekesa mkono wa kulia na kuuinua. "Huyu ni wetu!" alisema. Wekesa alilia waziwazi, akasingizia vumbi.

Jioni, Wekesa akiwa anaoga, niliitwa nyuma ya jiko la mzee Wamono. Sauti ya mama ilitoka upande wa pili wa ukuta.

"Wewe si mkwe wangu, wewe naweza kukuuliza. Sura yake iko aje? Ana mwanya?"

Miaka yote nimeendesha nyuma ya yule mtu. Mgongo wake naujua, visigino vyake navijua, hata kiraka cha suruali. Uso ulinipotea kabisa. Na ile sauti ilikuwa na hamu sana.

"Anao mama," nilisema. "Mkubwa na mzuri."

Mama alipiga kigelegele kilichoamsha kuku.

Jumapili tulirudi. Kwenye daraja la Lwakhakha nilimwomba Wekesa asimame kidogo na atabasamu. Alitabasamu akidhani ni picha. Meno yake yamebanana kama mahindi ya gunzi. Ilibidi nimwambie nilivyomjibu mama.

Katika safari hii nimejifunza kwamba unaweza kumfuata mtu miaka mingi na bado usiwe umemwangalia, na kwamba yule mama, kwa adabu yake ya kujifunika, alimtafuta Wekesa kuliko nilivyowahi kumtafuta mimi. Siku hizi nikiwa nyuma, namwita ageuke.

Lakini Wekesa hakutaka mafunzo. Aliendesha baiskeli mpaka tulipokaribia Sirisia, akashika mdomo wake kwa vidole.

"Njoroge," alisema, "siku mwiko utatolewa, mama ataniangalia, halafu atasema huyu siye."