Bakuli la Uji Mlangoni kwa Mchungaji

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa Stockholm nikisomea uuguzi. Nilipanga chumba kitongoji cha Rågsved, na jioni nikitoka wodini nilihudhuria darasa la Kiswidi pamoja na wageni wenzangu. Mwalimu wetu, mwanamke mchangamfu, alipenda kutueleza mambo ya kwao. Krismasi ilipokaribia alikuja na mbuzi aliyesukwa kwa majani makavu, kafungwa utepe mwekundu, akamweka mezani.

"Huyu ni wa zamani kuliko kanisa," alisema.

Akatusimulia kwamba mbuzi yule, kwa masimulizi ya wazee, ni kumbukumbu ya mbuzi waliovuta gari la mungu wa radi. Nguruwe wa sikukuu, alisema, wengi huamini kwamba alianza kama nyama ya tambiko. Hata neno lenyewe wanaloiitia Krismasi, jul, lilikuwapo kabla padri yeyote hajakanyaga huku. Ilikuwa karamu ya katikati ya baridi, watu wakinywa pombe gizani na kungoja jua lirudi. Kisha akafika kwa tomte, kizee kifupi cha kofia nyekundu anayelinda nyumba na mifugo. Mkesha wa Krismasi huwekewa uji nje. Asipowekewa, hukasirika, na ng'ombe hufa.

"Ni nani huyo hasa?" niliuliza.

"Wengine walisema ni roho ya mtu wa kwanza aliyelima shamba lile," alijibu, huku akitabasamu.

Alieleza kwa fahari, kama mtu anayeonyesha picha za harusi ya wazazi wake. Wenzangu walicheka. Mimi nilikasirika, kwa sababu mtu wa kwanza kulima shamba letu kule Ziwa Magharibi, Tanzania, alikuwa babu yangu, na bibi yangu alitengwa na kanisa kwa ajili yake.

Bibi alikuwa Mkristo. Alibatizwa ukubwani, alisali kila Jumapili, na ndiye aliyenifundisha Baba Yetu. Lakini kila pombe ya ndizi ya Krismasi ilipokuwa tayari, kabla hatujagusa chochote, alimimina kidogo kwenye kibanda cha marehemu babu kilichokuwa uani na kuweka punje chache za kahawa ya kutafuna. "Mwenye nyumba aanze," alikuwa akisema. Basi. Hakuna ngoma wala mganga.

Mmisionari wetu, Mswidi mrefu aliyekijua Kiswahili vizuri, akapata habari. Alikuja na wazee wa kanisa, wakakibomoa kile kibanda sisi watoto tukitazama. Alimwambia bibi kwamba anamtumikia shetani.

"Huyu si shetani, Mchungaji," bibi alijibu. "Huyu ni mume wangu."

Jumapili iliyofuata jina lake lilisomwa mbele ya watu na akazuiwa kushiriki meza ya Bwana. Angeweza kurudishwa kama angetubu hadharani. Alikataa, akisema hajui atubu nini. Alipokufa, kengele haikupigwa na mchungaji hakuja. Wajomba ndio waliomzika.

Mmisionari yule alikuwa amestaafu na kurudi kwao, akiishi kusini mwa jiji, vituo vichache tu kutoka kwangu. Yeye na mkewe walikuwa wakinialika mara kwa mara, nami nilienda, maana ugenini mtu anayekuitikia shikamoo ni ndugu. Mwaka ule walinialika mkesha wa Krismasi. Nilifika alasiri, giza limeshaingia, theluji imefunika bustani. Juu ya ngazi, mbele ya mlango, niliona bakuli la uji mzito wa mchele uliopikwa kwa maziwa, kipande cha siagi kikiyeyuka katikati.

Mchungaji alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, usigande."

"Huu uji ni wa nani?"

Akacheka. "Wa tomte! Wajukuu wanakuja kesho, wanaupenda mchezo huu."

"Wajukuu wanakuja kesho. Leo umemwekea nani?"

Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono kwenye aproni, akanitazama usoni, akaacha kufuta.

"Ni mila tu, mwanangu," mchungaji alisema. "Mama yangu alikuwa akiweka. Na mama yake pia."

"Mama yako aliamini?"

Nitampa haki yake, hakusema uongo. "Aliamini. Mwaka mmoja alisahau siagi, ndama akafa, akalia siku nzima akisema ni kosa lake."

"Na mchungaji wenu alikuja kumvunjia bakuli?"

"Hapana. Mchungaji wetu alikuwa anaweka uji kama sisi."

Sijui kama mwenyewe alisikia alichosema. Mimi nilimsikia. Nilikuwa bado na koti mwilini, viatu vinadondosha maji kwenye zulia lake, nikamkumbusha kile kibanda, zile punje za kahawa, lile jibu la bibi yangu. Alikumbuka kibanda. Ila hakumkumbuka bibi.

"Zilikuwa nyumba nyingi," alisema kwa sauti ndogo. "Tulidhani mambo ya kwenu ni giza."

"Na haya ya kwenu?"

"Haya tulishayazoea."

Sikukaa kula. Mkewe alinifuata hadi getini na kunifungia mkate wa zafarani kwenye kitambaa. Niliupokea kwa sababu yeye hakunikosea, nikampa mwenzangu wa darasa la Kiswidi bila kuuonja.

Mwaka uliofuata mke wa mchungaji alinipigia simu kuniambia kwamba mzee hajaweka uji, anaona aibu. Alidhani nitafurahi. Nilizidi kukasirika. Nani alimwambia aache? Mimi sikutaka wajukuu wa mtu wanyang'anywe kizee chao. Nilitaka bibi yangu naye achekewe kwa upole uleule, aachwe na mume wake, kisha aende zake kanisani. Nikamwambia amwambie mumewe hivyo. Sijui kama alimwambia.

Miaka ikapita. Nilihitimu, nikaajiriwa, nikaolewa na fundi wa kiwanda cha malori Södertälje. Kule Rinkeby, mtaa wa Stockholm wenye wageni wengi, Watanzania na Wakenya tulianzisha ibada ya Kiswahili, na siku moja ya Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, aliyealikwa kuhubiri alikuwa yeye, kazeeka, anatembelea fimbo. Katikati ya mahubiri akaanza kusimulia habari za bibi mmoja mjane aliyemwambia mmisionari mkali, "Huyu si shetani, huyu ni mume wangu." Alisimulia vizuri. Watu wakaangua kicheko. Naye akacheka.

Nilisimama. Mume wangu alinivuta sketi nikae, sikukaa.

"Mchungaji, bibi huyo ana jina."

Nililitaja jina lake la ubatizo na la ukoo, nikaeleza kwamba lilisomwa kanisani kwa kumfedhehesha na halikusomwa tena hata siku ya maziko yake. Mzee alishika meza kwa mikono miwili. Alilirudia jina, akalikosea la ukoo. Nikamsahihisha. Akalirudia sawasawa, kisha akasema, bila kupamba, kwamba alimdhulumu mwanamke yule na kwamba aliyepaswa kutubu hadharani ni yeye. Akatuomba tusimame. Watu wakasimama, watoto wetu wakinong'ona kwa Kiswidi kuuliza kuna nini.

Wakati wa chai mama mmoja Mkenya alinijia amekunja uso.

"Dada, umemwaibisha mzee wa watu."

"Bibi yangu naye alikuwa mzee."

"Lakini huyu ameomba msamaha."

"Ndiyo," nilisema, "na nimemsikia."

Alingoja niseme nimemsamehe. Nilimpelekea mchungaji chai yake pale alipokaa, nikamwekea sukari kama alivyopenda, nikarudi kukaa na mume wangu.