Seremala Aliyepima Mtoto, Asipime Mlango

Mtaani wanamwita Mama Mapazia. Nyumba yoyote akiingia, iwe ya daktari au ya muuza mkaa, atalitazama dirisha kwanza, mwenye nyumba baadaye. Atapanda kigoda, atavuta tepu kutoka shingoni, penseli ataibana kwa meno, kisha ataanza kuhoji.

"Kwenu mlikuwa na mtu aliyefanya kazi melini? Babu? Mjomba? Hata jirani basi?"

Wateja wengine walimwona mmbea, wengine walidhani ana lake kichwani. Yeye hakujali. Aliandika vipimo, akauliza, na akiambiwa hapana, alishukuru na kuhamia dirisha la pili.

Aliyekuwa akimtafuta ni babu yake mzaa mama, seremala wa meli ya mizigo iliyogonga mwamba na kuzama kabla mama yake hajazaliwa. Kwamba babu alikufa maji, hilo halikuwa na ubishi. Ofisi ya wenye meli ilishamwambia zamani, karani akipiga miayo: seremala, amefariki, basi. Lililomkaa mama yake rohoni lilikuwa jingine. Babu aliondoka hajui kwamba mkewe ana mimba. Bibi alipoitambua mimba, alimtuma mpishi wa meli nyingine akampe habari bandarini, kwa mdomo. Jibu halikurudi, na babu hakurudi. Ndugu zake wakapata la kusema: mbona kaka yetu hakutaja mtoto, huyu katoka wapi? Mama alikua akiyasikia hayo nyuma ya milango, na siku nyingine peupe, mbele ya watu. Sasa ni mzee, miguu imegoma, na swali bado analo.

"Mimi sitaki kaburi," humwambia binti yake. "Nataka kujua tu kama alijua nipo."

Na Mama Mapazia, ambaye hana subira hata ya kungoja maji yachemke, kwa hili alisubiri miaka na miaka, dirisha baada ya dirisha.

Mwaka huu aliitwa na mwalimu mstaafu, mama mmoja mwembamba anayesema kila neno kana kwamba analisahihisha. Alitaka mapazia mazito ya chumbani, jua lisimwamshe mapema. Mama Mapazia akapanda kigoda, akapima, akauliza swali lake kwa mazoea tu.

"Marehemu baba yangu," mwalimu akajibu. "Alikuwa akitia makaa kwenye tanuri la meli, mpaka walipogonga mwamba. Walipona wachache, naye akiwemo."

"Meli gani, mwalimu?"

Mwalimu akaitaja. Mama Mapazia akashuka taratibu, akakikalia kile kigoda.

"Kulikuwa na seremala," alisema. "Marehemu baba hakuwahi kumtaja?"

Mwalimu akacheka kabla ya kujibu. "Seremala wa kitanda! Kwetu nani asiyemjua? Tumelelewa na kisa chake."

Akamsimulia. Seremala yule alikutana na mpishi mmoja bandarini, akaambiwa mkewe ana mimba. Alirudi melini akamtangazia kila mtu, hata nahodha, ambaye hakumuuliza. Siku ile ile akaanza kuunda kitanda cha mtoto, kile cha kubembeza, kwa mbao za masanduku ya mizigo, humo humo ndani ya stoo yake ya kazi. Hakutia hata msumari. Kila kiungo alikichonga kikaingia kwa mwenzake, akakigandisha kwa gundi, akapiga msasa mpaka mbao zikawa laini. Siku ya kukitoa, kikagoma mlangoni.

"Kikagoma?"

"Alipima mtoto, hakupima mlango. Fundi mzima! Meli nzima ilimcheka. Wakamwambia akivunje akiunge upya nje, akakataa katakata. Akasema tukifika nyumbani nitang'oa fremu ya mlango, mwanangu hawezi kulalia kitanda kilichovunjwa."

Mama Mapazia alicheka mpaka akajifuta macho kwa tepu. Hakuhitaji ushahidi mwingine, maana kwao wote ndivyo walivyo, wanaanza kazi kabla ya kufikiria itapitia wapi. Kisha akauliza alilokuwa akiliogopa.

"Na siku yenyewe ya ajali?"

Nafasi kwenye boti ya kuokolea watu ilikuwapo, mwalimu akasema. Baba yake alimshika seremala mkono. Seremala akajibu anakuja sasa hivi, akashuka stoo na nyundo. Walimsikia akiigonga ile fremu. Boti haikuweza kungoja.

Njia nzima Mama Mapazia alijiapiza kwamba atasema nusu tu. Nusu ya kwanza ilikuwa na kila kitu mama alichokitaka, na ya pili haikuwa na faida kwa yeyote. Alimkuta mama kitini, akipinda mapindo ya pazia la mteja. Akamweleza habari za mpishi, nahodha, msasa na kicheko cha meli nzima.

"Alijua," mama akasema.

"Alijua, mama. Hakuna aliyelala kwa kelele zake."

Mama akataka asimuliwe tena, akasimuliwa. Alitabasamu kwa haya, kama msichana aliyesifiwa. Halafu akaiweka sindano chini.

"Sasa kile kitanda kilitokaje?"

"Si kilizama na meli, mama."

"Na yeye alikuwa wapi?"

Mama Mapazia alianza kukunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Mama akamtazama, akangoja. Basi binti akasema yote: boti, nafasi, nyundo.

Mama hakulia, si mwanzoni. Alikasirika.

"Mjinga mkubwa! Nani alimwambia nataka kitanda? Ningelala kwenye boksi, ningelala sakafuni! Nafasi si ulikuwa nayo, baba? Ulishikwa mkono, ukaenda kugonga mbao! Kwa nini hukupanda, baba?"

Sauti ilitoka mpaka barabarani. Binti yake alinyoosha mkono amtulize, kisha akaurudisha. Mama alikuwa amezeeka bila kupata baba wa kumgombeza, na sasa ameanza, nani amkatize.